Kompyuta "Inapostaki": Kigugumizi na Kuganda kwa Michezo katika Chumba Chetu cha Mazoezi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukutana nami katika masuala ya ngeli na vinyambuo, na huenda baadhi yao wakashangaa kuona kwamba safari hii naandika juu ya feni, vumbi na michezo ya kompyuta. Sababu ni ya kazi. Tangu mwaka 2022 tumekuwa tukitumia mchezo wa kandanda wa kompyuta katika somo la stadi ya kuzungumza. Sauti ya mtangazaji huzimwa, wanafunzi wawili hucheza, na wa tatu hutangaza kwa Kiswahili papo kwa papo. Kwa wanafunzi wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya tatu au ya nne, kama walivyo wengi wetu hapa Uganda, zoezi hili lina faida ambayo insha haiwezi kuitoa: mpira haumsubiri mtu atafsiri kichwani kwanza.

Katika muhula wa kwanza wa mwaka 2024 kompyuta yetu ya mezani ilianza kusumbua. Siku moja mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye tangu muhula uanze hakuwa amefungua mdomo darasani, alikuwa amefika dakika ya kumi ya kutangaza na sauti yake imeanza kupanda, mara picha ikaganda, mguu wa mshambuliaji ukiwa hewani. Akanyamaza. Picha iliporudi, yeye hakurudi. Fundi mmoja wa mjini aliyeitwa kuitazama alisema, baada ya dakika tano, kwamba kadi ya michoro imekufa na inunuliwe nyingine. Bei aliyoitaja ilizidi fedha zote tulizotengewa za vitabu kwa muhula huo.

Kadi haikuwa imekufa. Jinsi tulivyogundua hilo ndiyo habari ninayotaka kuieleza, kwa kuwa najua walimu na wanafunzi wengi wana kompyuta za aina hiyo nyumbani, na wengi wameshauriwa kununua kitu ambacho hawakukihitaji.

Neno moja, magonjwa matano

Nilipowauliza wanafunzi kompyuta ina tatizo gani, wote walijibu kwa neno moja: "Inastaki." Sina ugomvi na neno hilo. Limeingia katika mazungumzo na limetulia. Lakini ni kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" kisha akanyamaza. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kutenganisha dalili, na tuliamua kuyatumia kwa maana maalumu humu ndani ya chumba.

Mchezo unasuasua iwapo tangu mwanzo hadi mwisho unakwenda polepole, kila kitu kizito. Una kigugumizi iwapo unakwenda vizuri, unakatika kwa sehemu ndogo ya sekunde, unaendelea, unakatika tena. Unaganda iwapo picha inasimama kwa sekunde moja au zaidi halafu inarudi, au mchezo umesimama lakini kipanya bado kinatembea na programu nyingine zinaitika. Kompyuta inakufa ganzi iwapo hakuna kinachoitika, kipanya hakisogei, sauti inavuma sauti moja, na huna budi kubonyeza kitufe cha kuzimia. Mwisho, wachezaji wanarukaruka iwapo picha yenyewe ni laini lakini wapinzani wa mtandaoni wanatoweka hapa na kutokea pale. Hili la mwisho ni tatizo la mtandao, wala halina uhusiano na kadi ya michoro. Njia rahisi ya kulithibitisha ni kucheza dhidi ya kompyuta bila intaneti. Kurukaruka kukiisha, acha kuifungua mashine.

Tulifunga daftari kwa uzi kando ya meza. Kila tatizo likitokea, aliyekuwa akicheza aliandika saa, dalili kwa mojawapo ya maneno hayo, kilichokuwa kikitendeka mchezoni, na dakika ngapi zimepita tangu mashine iwashwe. Baada ya wiki mbili daftari lilikuwa limekwisha kusema mambo mawili ambayo fundi hakuyasema. Kwanza, kusuasua kulianza kila mara baada ya dakika ishirini hivi, na kulikuwa kubaya zaidi alasiri, paa la mabati likishapata jua. Asubuhi hakukuwa na malalamiko. Pili, kulikuwa na kuganda kwa aina nyingine, kusikojali saa, ambako kulitokea hasa goli linaporudiwa au mechi mpya inapofunguliwa. Kumbe tulikuwa na magonjwa mawili, si moja.

Mizani ya picha

Kabla sijaeleza tiba, inafaa msomaji aelewe kwa nini tarakimu inayoonyeshwa pembeni mwa kioo inaweza kumdanganya. Mchezo wa kompyuta huchora picha moja moja, ambazo huitwa fremu. Kioo cha kawaida cha hezi 60 hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7. Watu hupenda kuuliza, "Unapata fremu ngapi kwa sekunde?" Hilo ni swali la wastani, na wastani huficha mengi.

Chukua sekunde moja ambamo fremu 50 zimechorwa kwa milisekunde 10 kila moja, halafu fremu moja ikachukua milisekunde 500. Jumla ni fremu 51 kwa sekunde, tarakimu ambayo haimtishi mtu. Lakini nusu ya sekunde hiyo mchezaji ameangalia picha iliyosimama. Sisi walimu wa ushairi tunalijua jambo hili. Ubeti wa tarbia wenye mizani 16 kwa kila mshororo una jumla ya mizani 64. Mtu akikuletea ubeti wenye mishororo ya mizani 16, 16, 10 na 22, jumla bado ni 64, na bado hauimbiki. Macho nayo yanataka mizani ilingane. Ndiyo maana programu za kupimia kama MSI Afterburner zina uwezo wa kuonyesha muda wa kila fremu kwa mstari. Mstari ulionyooka ni afya, na miiba inayochomoza ndiyo kigugumizi chenyewe.

Kuna jambo la ziada. Mchezo ukiwa umefungwa uende sambamba na kioo, fremu iliyochelewa kwa milisekunde moja tu ni kama abiria aliyefika stendi matatu imeshaondoka: inasubiri safari inayofuata, na picha ya zamani inabaki kiooni kwa milisekunde 33 badala ya 16.7. Kwa hiyo mashine inayopata fremu 55 kwa shida huweza kuonekana mbaya kuliko ile iliyozuiwa makusudi isizidi 30 lakini inazitoa kwa utaratibu. Kuweka kikomo cha fremu ambacho mashine inakimudu ni tiba isiyogharimu kitu, na mimi hushauri ijaribiwe kabla ya nyingine zote.

Joto

Turudi kwenye daftari. Ugonjwa unaoanza baada ya dakika ishirini na kuzidi wakati wa jua, kwanza ushukiwe kuwa ni joto. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, inalindwa na kikomo. Nyingi za Intel zimewekewa kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi, na zinapokifikia hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Mchezaji haoni onyo lolote. Anaona tu kwamba mchezo umeanza kusuasua. Kadi ya michoro nayo hufanya vivyo hivyo.

Tuliweka programu ya bure ya HWiNFO inayosoma vihisio vya joto, tukacheza nusu saa, na prosesa ikagonga kikomo. Tulipofungua kasha tulikuta vumbi limejishona kama blanketi kati ya feni na mapezi ya chuma yanayopoza prosesa. Kompyuta ilikuwa ikikaa sakafuni, karibu na mlango. Kusafisha kunahitaji uangalifu wa namna tatu: chomoa waya wa umeme ukutani, fanyia kazi hiyo nje, na zuia feni kwa kidole usiiache izunguke kwa upepo wa blowa. Grisi ya kupitisha joto iliyokuwa chini ya kipozeo ilikuwa imekauka na kupasuka, tukaifuta na kupaka mpya kidogo sana. Tangu hapo joto halivuki nyuzi 80 hata alasiri. Kusuasua kukaisha.

Kuganda hakukuisha. Hapo ndipo nilipoona faida ya kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Kama tungesafisha, tukasakinisha upya na kununua kadi katika siku moja, tusingejua kipi kilitibu nini.

Diski na kumbukumbu

Kwa ugonjwa wa pili tulibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, tukaiacha wazi nyuma ya mchezo. Kila picha ilipoganda tulikuta diski imefika asilimia 100 na RAM imejaa. Mashine ilikuwa na RAM ya GB 8 katika kijiti kimoja, pamoja na diski ya zamani ya kuzunguka. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya mzigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka huhitaji takriban milisekunde 10 kutafuta kitu kimoja tu kabla hata ya kukisoma. Linganisha na zile milisekunde 16.7 za fremu nzima, uone kwa nini mchezo lazima usimame.

Tulinunua kijiti cha pili cha GB 8 kinachofanana na cha kwanza, na diski ya SSD, tukauhamishia mchezo humo. Vyote viwili viligharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kadi. Kijiti cha pili kina faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji: vijiti viwili vikiwekwa katika nafasi zake sahihi, data hupita kwa njia mbili badala ya moja. Kwa kompyuta isiyo na kadi ya michoro, ambayo picha zake huchorwa na prosesa kwa kukopa RAM hiyohiyo, tofauti yake huonekana wazi.

Mengine ya kuangalia

Yapo mambo ambayo hayakutupata sisi lakini ni ya kawaida. La kwanza linaaibisha: kompyuta ina kadi nzuri ya michoro, lakini waya wa kioo umechomekwa kwenye bodi mama, hivyo kadi inakaa bure. Tazama nyuma ya kasha kabla ya kumwita mtu.

La pili ni kigugumizi cha mara ya kwanza. Michezo mingi ya siku hizi, hasa inayotumia DirectX 12 au Vulkan, ina vijiprogramu viitwavyo sheda vinavyoeleza jinsi ya kuchora mwanga na kivuli, na lazima vitayarishwe kwa ajili ya kadi yako wewe. Mchezo usipovitayarisha mapema, hukatika kila unapoingia mahali papya, na mara ya pili unapita laini. Ukibadilisha draiva ya kadi, kazi hiyo huanza upya, kwa hiyo usiihukumu draiva mpya kwa mechi moja.

La tatu, wenye prosesa za AMD Ryzen wanaosumbuliwa na kigugumizi kisicho na mpangilio wakague BIOS yao ni ya lini. Mwaka 2022 AMD ilikiri kwamba kipengele chake cha usalama kiitwacho fTPM kiliweza kusababisha hali hiyo katika Windows 10 na 11, na tiba ikaja kupitia BIOS mpya.

Kufa ganzi ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu huko ndiko vifaa huharibika kweli. Ukiwasha tena, fungua Event Viewer. Watu wengi huona tukio la Kernel-Power namba 41 wakadhani wamepata chanzo, kumbe linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufuata utaratibu. Tukio la Display namba 4101 lina maana zaidi: kadi haikujibu, Windows ikasubiri kwa kawaida sekunde mbili, kisha ikaianzisha upya draiva yake. Ipime RAM kwa MemTest86 usiku kucha. Ikitoka salama, shuku pawasaplai, yaani kile kiboksi kinachopokea umeme wa ukutani, hasa kama mashine hufa ganzi mchezo unapokuwa mzito tu. Hapa kwetu umeme wa volti 240 hupanda na kushuka, na baada ya kila katizo hurudi kwa kishindo. Kompyuta isiyo na UPS au stabilaiza hupokea kishindo chote kifuani. Pawasaplai ya bei rahisi sana sikushauri kabisa, hata ukiwa na haraka.

Kompyuta yetu sasa imepandishwa mezani, mbali na mlango, na husafishwa mwanzoni mwa kila muhula. Kadi ya michoro ni ileile iliyotangazwa kufa. Mwanafunzi niliyemtaja alirudi kwenye maikrofoni wiki ya tatu baada ya matengenezo, na kosa lake kubwa siku hiyo lilikuwa kusema "mpira imetoka". Daftari bado linaning'inia palepale, na anayekuja kufanya mazoezi ya utangazaji anaombwa kulijaza. Katika safu ya dalili, neno "inastaki" halipokelewi.