Tairi ya Baiskeli kwa Njia ya Lami na Kokoto

Kikundi kimoja cha upande wa Kikopey kilituita tukawasaidie kuamua kesi. Kesi yenyewe ilikuwa ya matairi mawili. Kikundi kina baiskeli za kubebea maziwa na mitungi ya maji, na pesa za matairi zilikuwa zimetolewa kwenye sanduku baada ya mkutano mrefu. Kijana mmoja akatumwa Nakuru. Akarudi jioni na matairi mapya yaliyoandikwa 26, kama alivyoagizwa. Kesho yake fundi akajaribu kuyavalisha, yakakataa. Akasukuma kwa vijiko na bisibisi mpaka akachubuka mikono. Kufika jua kuzama, maneno yalikuwa yameshaenea kwamba kijana alinunua vitu vya bei rahisi na chenji akaila.

Tulipoyashika yale matairi tukaona kijana hakuiba kitu. Alitumwa vibaya. Aliambiwa "inchi 26", na inchi 26 si kipimo kimoja.

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoteza pesa, kwa hivyo tusikimbie. Ukisoma ubavuni mwa tairi utaona kwanza maandishi makubwa ya inchi, kama 28 x 1 1/2 au 26 x 1.95. Hayo ni ya desturi ya zamani, na kila nchi ilikuwa na desturi yake. Endelea kutafuta, hata kama ni lazima upanguse matope, utapata namba nyingine ndogo iliyoandikwa kwa mstari katikati, mfano 40-635. Hiyo ndiyo ya kuaminiwa. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipimo cha pale tairi inapokalia rimu, kutoka upande mmoja wa gurudumu hadi wa pili, pia kwa milimita. Upana unaweza kubadilika kidogo na tairi ikaingia, lakini namba ya pili haina majadiliano. Lazima iwe sawasawa.

Ile baiskeli kubwa nyeusi ya wazee wetu, Black Mamba, kwa kawaida huvaa 28 x 1 1/2, yaani 40-635. Baiskeli nyingi za akina mama za mtindo huo huo huvaa 26 x 1 3/8, yaani 37-590. Mauntani nyingi ni 26 x 1.95 au karibu na hapo, na namba yao ya pili ni 559. Sasa toa hesabu: 590 toa 559 ni milimita 31. Kijana wetu alikuwa amenunua tairi ya mauntani kwa rimu ya baiskeli ya akina mama. Hata fundi angekuwa Samsoni, isingeingia. Na mwenye 28 asidhani yeye ameponyoka. Kuna baiskeli za mitumba zinazoitwa 700C, ambazo wauzaji wengine pia huziita 28, na namba yao ni 622. Tofauti na 635 ni milimita 13 tu, lakini inatosha kukurudisha mjini kwa nauli ya pili.

Basi upana gani utafaa? Hapa inabidi tuangalie barabara yetu ilivyo. Mtu yuko juu ya lami kutoka Gilgil, amebeba mtungi kwenye keria. Trela inapiga honi nyuma, nyingine inakuja mbele huku gari dogo linaipita. Mwenye baiskeli hana la kufanya ila kushuka pembeni, na pembeni ni kokoto na vumbi. Akitoka barabara kuu kuelekea Eburru au kwenye vijiji vya karibu na ziwa Elmenteita, lami imeisha kabisa. Safari moja, njia mbili. Tairi nyembamba ya mashindano, ya milimita 23 au 25, inateleza vizuri kwenye lami, lakini kwenye kokoto inazama kama kisu kwenye uji. Zaidi ya hapo, ukingo wa lami mahali pengi umekatika na kuacha ngazi. Tairi nyembamba ikishuka hapo, na mtu akataka kurudi juu huku akienda sambamba na ukingo, tairi inakwaruza ule ukingo na kumwangusha mbele ya magari. Hata mwenye tairi pana asijaribu. Simama, ngoja lori zipite, uinue baiskeli uirudishe juu kwa mguu.

Kwa mzigo na njia kama hii, sisi tungesema usishuke chini ya milimita 37, na 40 ni bora. Mauntani ibaki na 47 hadi 50 kama rimu na uma vinaruhusu. Vijana wanaweza kutucheka kwamba tunasifu tairi ya babu. Lakini tangu mwaka 2021 kuna mashindano ya baiskeli huko Mara yanayoitwa Migration Gravel Race, na baiskeli za mbio za aina hiyo, za bei ya kutisha, kwa kawaida huvaa tairi za milimita 40 hivi na kupita. Babu hakuwa mjinga.

Kuhusu meno, watu hupenda tairi yenye meno marefu kama ya trekta, wakidhani ndiyo yenye nguvu. Kwenye matope ni kweli inasaidia. Lakini kwenye lami meno hayo yanalia, yanakula nguvu za miguu, na yanaisha upesi. Chagua tairi ambayo katikati imejaa, karibu laini, na meno madogo yako pembeni. Kwenye kokoto kavu kinachokushikilia zaidi ni upana na kiasi cha upepo.

Upepo wenyewe haujazwi kwa kubonyeza kidole tu. Ubavuni imeandikwa, mfano 40-65 PSI. Gurudumu la nyuma lenye mzigo lipate karibu na namba ya juu, la mbele lipungue kidogo. Usizidishe, maana tairi gumu kupita kiasi huruka ruka juu ya kokoto na spoki ndizo zinazoumia. Ukipunguza mno nako utaona dalili. Ukitoa tyubu ukakuta matundu mawili yanayotazamana kama meno ya nyoka, hiyo si miiba. Ni rimu imeikandamiza tyubu kwenye shimo au jiwe kwa sababu upepo ulikuwa mdogo. Tundu moja dogo, hapo sasa tafuta mwiba wa mgunga, na uutafute ndani ya tairi kwa vidole pole pole kabla ya kurudisha tyubu. Tumeona watu wakiziba pancha mara tatu kwa siku moja na mwiba bado uko mle mle. Sehemu zetu pia zina yale mawe meusi yanayong'aa kama chupa, ambayo watu wa kale walichongea mashoka pale Kariandusi. Kipande chake kinakata tairi kama wembe. Tairi iliyochanika ubavuni usiishone ukabebee maziwa barabara kuu.

Tukija kwa gurudumu lenyewe, kabla ya kununua rimu hesabu spoki. Black Mamba nyingi zina 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa mzigo uko nyuma. Mauntani nyingi zina 36 na 36. Rimu ya matundu 36 haiwezi kufungwa kwenye habu ya 40, na hilo fundi atakuambia baada ya wewe kulipa. Spoki nazo zina geji, na geji inahesabiwa kinyume: 14 ni milimita 2, na 13 ni nene zaidi, milimita 2.3. Kama baiskeli ni ya mzigo, ongeza hizo shilingi chache upate nene kwa gurudumu la nyuma. Fundi akimaliza, zigonge gonge kwa msumari. Za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Ile inayotoa sauti ya kukwama imelegea, na jirani zake ndizo zitakazovunjika.

Rimu ya chuma ni ngumu na fundi yeyote anaweza kuinyoosha kwa nyundo, lakini ikilowa mvua breki inateleza, na mnaujua mteremko wa kushukia Elmenteita. Rimu ya alumini inashika vizuri zaidi kwenye maji na ni nyepesi. Ila mwenye breki za vyuma vya kuvuta, zile zinazobana rimu kutoka upande wa ndani, asinunue rimu ya alumini iliyotengenezwa kwa breki za kubana ubavuni. Breki yake haitapata pa kushika. Atalazimika kubadilisha na breki, na hapo bajeti ya kikundi imekwisha.

Tairi la nyuma huisha kwanza. Mkiwa na pesa za moja tu, lile la mbele kama bado ni zima lihamishieni nyuma, jipya liende mbele. Tairi la mbele likipasuka mtu anaanguka, la nyuma likipasuka mara nyingi anabaki akiyumba tu.

Duka halikukubali kuyarudisha yale matairi mawili. Kikundi kiliyauza kwa mwenye mauntani kwa bei ya hasara. Mwenyekiti alimwomba kijana msamaha mbele ya wote, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa mtu wa umri wake. Mweka hazina ameandika ndani ya jalada la daftari la pesa: 37-590, spoki 32 na 40. Aliyetumwa Nakuru mara ya pili alikuwa kijana yule yule, na safari hii alibeba tairi kuukuu mkononi.