Kulitunza Gari Kuukuu: Mambo Niliyoyaona Cheyo



Magari yetu mengi ya shamba ni makongwe. Yako Landrova za Series III, ambazo kiwanda kilianza kuzitoa mwaka 1971 na kuacha mwaka 1985, na yako yaliyozitangulia. Gari la namna hiyo likisimama njiani, hasara si ya gari peke yake. Karafuu kavu zilizo nyuma zikipata mvua huota ukungu, na kazi yote ya mchumaji na mwanikaji huishia hapo kabla ya kufika kituoni. Msimu haujaanza bado, kwa hiyo nimeona yafaa nieleze niliyoyaona Cheyo, mjini Tabora, nilipokwenda kuwatazama jamaa.

Baina ya visiwa vyetu na Tabora pana udugu wa kale. Misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilipumzika hapo, mpaka reli ilipofika mwaka 1912. Miembe ya zamani hizo ingaliko. Chini ya mwembe mmoja, mzee mwenyeji wangu hulifungua Landrova lake mwenyewe kwa spana chache, bisibisi, plaisi na kopo la mafuta ya taa. Kwa fundi haendi ila kwa kazi inayotaka mashine.

Jambo analolishika kuliko yote ni chujio la hewa. Katika magari hayo chujio ni bakuli lenye oili: hewa hupita juu yake na vumbi hunaswa humo. Kiangazi cha Unyamwezi kina vumbi jingi, na baada ya siku chache chini ya bakuli hukaa tope zito kama uji. Mzee hulimwaga, huosha bakuli kwa mafuta ya taa, hulikausha, kisha hutia oili mpya mpaka kwenye alama, isizidi.

“Mwanangu,” akaniambia, “vumbi likichanganyika na oili ndani ya injini, huo ni msasa.”

Ndivyo hasa. Msasa huo hula silinda na ringi za pistoni, ndipo gari huanza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili.

Kwetu sisi vumbi si haba, lakini adui mkubwa ni chumvi na unyevu. Wengi hudhani Landrova halili kutu kwa kuwa bodi lake ni alumini. Bodi ni kweli. Alumini ilichaguliwa kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Lakini fremu ni chuma, nayo ni tupu ndani kama mwanzi. Matope yakiziba vitundu vya chini, maji hukaa humo na kutu huila kutoka ndani, hali rangi ya nje ni nzima. Tena pale alumini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayolika.

Basi aliyepita ufukweni na aoshe chini ya gari kwa maji matamu siku ile ile. Azibue vitundu kwa waya, na aigonge fremu kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti butu. Wako wanaoipaka oili chakavu. Mimi siipendi sana, maana karafuu hushika harufu upesi. Anayepaka aliache gari lidondoke kwanza, na atandike turubai safi kabla ya kupakia.

Plagi na pointi zataka kusafishwa na kupimwa kwa geji: kwa injini ya petroli ya Series III, plagi kiasi cha milimita 0.75, pointi 0.4. Mkanda wa feni, mipira ya maji na betri vitazamwe kila wiki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo kopo lililokaa wazi lisitumike. Na kama breki huzijui, hapo mwite fundi.

Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Matofali pia hayafai, hupasuka ghafla. Mzee wa Cheyo ana magogo mawili manene ya mninga kwa kazi hiyo, na kabla ya kuingia hulitikisa gari kwa mikono miwili.

Gari la Chama litafunguliwa bakuli uani kwa ofisi Jumamosi ijayo, baada ya sala ya alasiri. Wanaopenda kuona waje, na mwenye geji aje nayo.

Katibu