Programu ya Mishahara Imejisasisha? Hesabu Mshahara Mmoja kwa Mkono Kabla ya Kulipa

Ni tarehe 28, saa mbili usiku, Kawangware 46. Matatu za kutoka tao zinashusha watu, mama wa viazi karai bado ana foleni, na mwenye bekari ndogo ameketi nyuma ya kaunta yake na simu mkononi. Ana wafanyakazi saba. Anafungua programu anayolipia mishahara na kukuta sura imebadilika: rangi mpya, vitufe vimehamishwa, na juu kabisa kuna kisanduku kinachosema kuna mambo mapya, bonyeza hapa uyaone. Yeye hana saa ya kuona mapya. Watu wanangoja pesa ya nyumba. Anafunga kisanduku, anabonyeza "Lipa wote", anateremsha shata.

Huyu ni mtu wa mfano tu. Lakini kama unaandika watu hapa mtaani, hata wawili, pengine umejiona.

Kwanza tuelewane kuhusu programu zenyewe. Zamani ulinunua programu ya mishahara kwa sidii, ukaiweka kwenye kompyuta, na ikabaki vile vile mpaka kompyuta ife. Hizi za siku hizi haziko kwako. Ziko kwenye mashine za kampuni iliyozitengeneza, wewe unaingia kwa intaneti tu. Kwa hivyo wenyewe wakibadilisha kitu, kinabadilika kwa kila mteja, upende usipende. Baadhi hupata sasisho kubwa kila baada ya miezi mitatu. Ile kubwa ya mashirika ya Oracle, kwa mfano, huyapa masasisho ya mwaka herufi: 25A, 25B, 25C, 25D. Mashirika hayo hupewa nafasi ya kulijaribu sasisho pembeni kabla halijafika kwenye mishahara halisi, na wana watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Wewe una tarehe 28 na simu yenye chaji asilimia 14.

Si kwamba sasisho ni baya. Kusema kweli, hapa Kenya programu isiyosasishwa ndiyo hatari zaidi. Hebu angalia tu yaliyopita. Februari 2023 viwango vipya vya NSSF vilianza. Julai 2023 ikaja tozo ya nyumba, mahakama ikaisimamisha Januari 2024, ikarudi Machi 2024. Oktoba 2024 NHIF ikaondoka na SHIF ikaingia. Tarehe 27 Desemba 2024 sheria ya kodi ikabadilisha namna PAYE inavyohesabiwa. Februari 2025 NSSF ikapanda tena. Mtu anayetumia daftari la 2022 amepotea kabisa. Swali ni moja tu: je, programu yako imebadilika sawasawa?

Hesabu ya kukaa nayo ukutani

Chukua mfanyakazi mmoja wa bekari, mshahara wake kabla ya makato ni shilingi 30,000. Tutumie viwango vya kuanzia Februari 2025.

NSSF ni asilimia 6, kwa hivyo 1,800. SHIF ni asilimia 2.75, yaani 825. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 450. Jumla ya hayo matatu ni 3,075. Sasa hapa ndipo Desemba 2024 ilipobadilisha mambo: hayo yote matatu hutolewa kwanza, ndipo kodi ihesabiwe kwa kinachobaki. Kinachobaki ni 26,925.

PAYE: shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. Zile 2,925 zilizozidi hutozwa asilimia 25, ambayo ni 731.25. Jumla 3,131.25. Kila mfanyakazi ana nafuu ya kodi ya 2,400 kwa mwezi, kwa hivyo ukiitoa, PAYE yake ni 731.25. Mkononi anapata 26,193.75.

Programu iliyobaki nyuma ingefanyaje? Ingetoa NSSF peke yake kabla ya kodi, kisha ingempa ile nafuu ya zamani ya asilimia 15 ya tozo ya nyumba. PAYE ingekuwa 982.50, na mkononi angebaki na 25,942.50. Tofauti ni shilingi 251.25. Unaweza kusema ni kidogo, lakini kwa mwaka inapita 3,000, na ni pesa ya mtu ambaye huenda anapanda matatu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni ili nauli itoshe.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na hili ndilo litakaloumiza mwajiri. Programu inaweza kutoa tozo ya nyumba kabla ya kodi kama sheria mpya inavyosema, na bado ikaendelea kutoa nafuu ile ya zamani. Mfanyakazi atafurahi. KRA hawatafurahi, na watakayemwuliza ni wewe.

Mwenye mshahara wa 18,000 hesabu yake ni fupi: NSSF 1,080, SHIF 495, tozo ya nyumba 270, PAYE hakuna. Mkononi 16,155. Ukiona programu imemkata PAYE mtu wa 18,000, simama hapo hapo, usilipe.

Usisahau upande wako. NSSF unaongeza kiasi kile kile alichokatwa mfanyakazi, na tozo ya nyumba vivyo hivyo. SHIF ni ya mfanyakazi peke yake. Msimamizi wako akiwa anapata 45,000, NSSF yake ilikuwa 2,160 kabla ya Februari 2025 kwa sababu kikomo kilikuwa mshahara wa 36,000. Kikomo kilipopanda hadi 72,000 ikawa 2,700. Hiyo 540 ya ziada imetoka kwake, na 540 nyingine imetoka kwako. Kama mwezi ule hukuona tofauti yoyote kwenye akaunti ya biashara, kuna mahali mambo hayakwenda.

Kwa hivyo kila baada ya sasisho, kabla ya kubonyeza kitu, chagua mtu mmoja, hesabu mshahara wake kwa kikokotoo cha simu, linganisha na hati yake ya mshahara. Dakika kumi. Ukipata tofauti ya shilingi moja kwa sababu ya senti, sawa. Ikizidi hapo, piga simu kwa wenye programu.

Kukata pia si kupeleka. PAYE, SHIF na NSSF zinatakiwa zifike kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Programu nyingine huandaa faili tu na kukuachia uipeleke mwenyewe; sasisho likihamisha kitufe cha faili ya SHIF, ni rahisi kudhani imekwenda. Mfanyakazi atajua haikwenda akiwa dirishani hospitalini na mtoto mgongoni, anaambiwa malipo yake hayaonekani.

Namba ya kulipwa ikibadilishwa

Hili ndilo linalotuhusu sisi wa malipo moja kwa moja, kwa hivyo tutakaa hapa kidogo.

Kitu kipya kinachopendwa sana kwenye programu hizi ni kumruhusu mfanyakazi ajihudumie mwenyewe kwa simu. Anaomba likizo, anaona hati yake ya mshahara bila kumsumbua bosi. Safi kabisa. Lakini mara nyingi ruhusa hiyo huja na nyingine: anaweza kubadilisha mwenyewe namba ya simu anayolipwa nayo. Na mara nyingine sasisho huja likiwa tayari limeiwasha.

Sasa fikiria. Kijana wa kuoka amempa rafiki simu yake apige picha. Au neno lake la siri ni mwaka aliozaliwa, na kila mtu anaujua. Mtu anaingia, anabadilisha namba tarehe 27. Tarehe 28 unalipa wote. Mshahara umekwenda kwa namba ngeni, umetolewa kwa wakala kabla hujafika nyumbani. Programu itaonyesha imelipa, na kweli imelipa. Aliyekosa ni kijana, na mbele yako mpo watu wawili mnaotazamana vibaya.

Ingia kwenye mipangilio ya programu utafute sehemu ya ruhusa za wafanyakazi. Mabadiliko ya namba yasubiri idhini yako, na idhini hiyo usiitoe mpaka umwone mwenyewe uso kwa uso au umpigie kwa namba yake ya zamani. Ujumbe wa WhatsApp hautoshi. Kisha kabla ya kutuma malipo ya pamoja, pitia orodha ya majina na namba ukilinganisha na ya mwezi uliopita. Watu saba si wengi. Na kama pesa tayari imekwenda kwa namba isiyo yake, piga huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Mpokeaji akishatoa, kuirudisha ni kazi ya polisi.

Advansi ndani ya programu pia ni jambo jipya kwa wengi: mfanyakazi anajiombea sehemu ya mshahara katikati ya mwezi. Kumbuka tu Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa mtu wa 18,000, kikomo ni 12,000, na 1,845 tayari ni za serikali. Programu ikimruhusu achukue advansi ya 11,000, imevuka.

Kuandika watu

Masasisho ya karibuni yameleta pia vyombo vya kutafuta wafanyakazi: unaandika tangazo la kazi, unapata kiungo cha kutuma kwenye makundi, na programu inakuchambulia wasifu za walioomba na kukupangia kuanzia wa juu hadi wa chini.

Tangazo tumia. Uchambuzi utumie kwa tahadhari. Watu wengi hapa huandikiwa wasifu kwenye saiba, ukapigwa chapa, kisha ukapigwa picha kwa simu. Programu nyingi hazisomi picha vizuri, na aliyeoka mikate miaka kumi anatokea mwisho kana kwamba hajaandika kitu. Isitoshe, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Fungua wasifu za chini pia, uzisome kwa macho.

Na wewe unayetafuta kazi: ukifungua kiungo cha tangazo na kikakuomba PIN yako ya simu, kifunge. Mwajiri anahitaji namba ya kukutumia mshahara. PIN haimhusu hata kidogo, wala sisi hatutakuuliza.