Karasha Halina Kuni, Moto Unatoka Wapi?

Katika mialo ya kuchakatia dhahabu ya Nyarugusu, mkoani Geita (si ile kambi ya wakimbizi ya Kigoma, majina tu yamefanana), mwendesha karasha, mashine ya kusagia mawe kwa pipa linalozunguka, akizima mota hakimbilii kufungua pipa kwa mkono mtupu. Ndani hakukuwashwa moto. Kulikuwa na mawe ya dhahabu na gololi za chuma, basi. Lakini pipa limechemka.

Gololi hupanda na pipa, kisha hudondoka juu ya mawe. Nguvu inayopasua jiwe hasa ni ndogo mno. Wataalamu wa usagaji wa madini huikadiria kuwa asilimia chache, pengine hata 1. Iliyobaki huishia kwenye msuguano, mtikisiko na kelele, na hivyo vyote mwisho wake ni joto, yaani chembe za chuma na jiwe kucheza kwa kasi kuliko mwanzo. Ukitaka ukweli, karasha ni hita inayosaga mawe kidogo.

Tupige hesabu. Tuseme pipa na gololi zake vina kilo 300, mawe kilo 100, na mota inaliingizia pipa kilowati 5. Kwa saa moja, kama joto lote lingebaki ndani, vyote vingepanda kwa karibu nyuzijoto 78. Wanaosaga kwa maji hupata nafuu mara mbili: kilo ya maji hubeba joto takriban mara 5 ya kilo ya jiwe, na lile vumbi la mawe linaloharibu mapafu na kukaribisha kifua kikuu halirushwi hewani.

Zamani wasomi wengi wa Ulaya waliamini joto ni aina ya kimiminika kilichojificha ndani ya vitu. Mwaka 1798 Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, akaeleza alichokiona kwenye utoboaji wa mizinga huko Munich: mtambo unaozungushwa na farasi, wenye keekee butu, ulichemsha maji bila kuni. Kimiminika kingekwisha; joto lile halikuisha. Miaka ya 1840 Mwingereza James Joule akapima kiasi chake. Kupandisha kilo 1 ya maji kwa nyuzijoto 1 kunadai kazi ya takriban jouli 4,200, sawa na kuvuta kiroba cha kilo 43 kutoka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, la kina cha mita 10.

Sasa mtazame huyo anayevuta kiroba. Misuli yake hugeuza robo ya nguvu kuwa kazi, tena akijitahidi; nyingine yote ni joto, na kazi nzito humfanya atoe wati 400 au zaidi. Lita 1 ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoa kilojouli 2,400 hivi, kwa hiyo anatakiwa akaushe zaidi ya nusu lita kila saa. Aliye chini ya duara, kwenye unyevu na bila upepo, jasho lake hudondoka kabla ya kukauka: maji yamemtoka, joto amebaki nalo.

Akianza kuyumba, kuongea ovyo au kuzimia, mwili wake huenda umepita nyuzijoto 40, na hiyo ni dharura hata kama bado anatoka jasho. Mtoeni nje, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima huku mkimpepea, na gari la kumpeleka hospitali litafutwe wakati huohuo. Kama hajitambui, msimnyweshe kitu, atapaliwa.