Mwandani Hawezi Kushambulia: Utata wa Kanuni za Mchezo na Ufasiri Wake katika Kiswahili cha Mpakani

Katika mpaka wa Kenya na Uganda, jina Busia ni la miji miwili, na jina Malaba vilevile. Mtu asemaye "nakwenda Busia" hali amesimama Busia hajasema neno la ajabu. Wasikilizaji wake humfahamu kwa kutazama aelekeako na alichobeba. Utata wa namna hii hausumbui mazungumzo, kwa kuwa msemaji yupo na aweza kuulizwa. Kanuni iliyoandikwa haina bahati hiyo. Mwandishi wake hayupo, na aghalabu wasomaji wake huifungua wakati wamekwisha kugombana.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi utata wa kanuni unavyozaliwa na jinsi unavyoweza kufasiriwa. Mfano uliochaguliwa ni mwembamba: kanuni za kiumbe wa kimazingaombwe anayemfuata mhusika katika michezo ya kuigiza ichezwayo mezani. Mfano huo unatazamwa kwa jicho la Kiswahili cha Busia na Malaba upande wa Kenya, mahali ambapo lugha hii hukutana kila siku na Kiteso, Kisamia, Kikhayo na lugha nyinginezo.

Mchezo wenyewe

Mchezo uliotangulia katika aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Tofauti na bao au drafti, ushindi hautegemei kete zilizo ubaoni. Kila mchezaji hujichukulia mhusika wake na kusema mhusika huyo atendalo. Mmoja wao huwa msimamizi: yeye husimulia hali ya ulimwengu wa hadithi na kuamua matokeo kwa msaada wa dadu na kitabu cha kanuni.

Tangu kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, mhusika aliye mchawi ameweza kuita kiumbe mdogo wa kumtumikia, kama vile paka, bundi au chura. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2014, kiumbe huyo ni roho iliyojivika umbo la mnyama. Hutenda kwa zamu yake mwenyewe, lakini humtii bwana wake daima. Hawezi kushambulia, ila aweza kufanya matendo mengine. Bwana wake akiwa karibu, aweza kuona kwa macho ya kiumbe huyo, na aweza kumtumia kupitisha uchawi unaohitaji kugusa. Maelezo hayo ni mafupi na mepesi. Hata hivyo, karibu kila moja limezua mabishano mezani.

Suala la jina

Kabla ya kanuni kufasiriwa, kiumbe hana budi kupewa jina. "Mfugo" humfanya mali, kama ng'ombe au mbuzi, ilhali kanuni humpa zamu yake mwenyewe. "Jini" huingiza imani na hofu ambazo mchezo haukuzikusudia. Jambo hili si dogo. Magharibi mwa Kenya yapo masimulizi mengi ya wakimbiaji wa usiku, ambao husemwa kwamba hufuga wanyama wa kutumwa gizani. Sheria ya Uchawi ya Kenya ilitungwa mwaka 1925 pasipo kueleza uchawi ni nini hasa, na mwaka 2008 huko Kisii watu waliotuhumiwa uchawi waliuawa na wananchi wenzao. Mahali ambapo neno moja laweza kumponza mzee wa watu, mfasiri ana wajibu wa kuchagua neno lisilomwelekezea jirani kidole.

Makala haya yanatumia neno "mwandani". Mwandani ni rafiki wa ndani, ajuaye siri za mwenziwe. Neno la Kiingereza linalotumika katika mchezo huu lina asili katika neno la Kilatini lenye maana ya mtu wa nyumbani. Kwa hiyo maneno hayo mawili yamefuata njia zinazokaribiana, kila moja ndani ya lugha yake.

Utata wa kitenzi "-weza"

"Mwandani hawezi kushambulia." Katika Kiswahili kitenzi "-weza" hubeba walau maana tatu. Ya kwanza ni nguvu: mtoto hawezi kuinua gunia. Ya pili ni ruhusa: mgeni hawezi kuingia bila kubisha. Ya tatu ni afya: aambiwaye kwamba babu yake hawezi huelewa mara moja kwamba babu ni mgonjwa. Kanuni ya mchezo imekusudia maana ya pili, lakini mchezaji aweza kuisoma kwa maana ya kwanza, akadai kwamba bundi mwenye kucha kali ana nguvu za kutosha. Fasiri iliyo salama zaidi ni "haruhusiwi kushambulia".

Na kushambulia ni nini? Chukulia kwamba bundi ameruka juu ya adui, akaachilia chupa ya mafuta yanayowaka. Mchezaji mmoja atasema kuachilia si kupiga. Mwingine atajibu kwamba aliyeungua ameungua. Hapa kamusi haitoshi. Katika kanuni za mwaka 2014, "shambulio" ni istilahi: panaporushwa dadu ya kushambulia, ili ijulikane kama mlengwa amepatwa, hapo bila shaka pana shambulio. Basi swali la kwanza si kama adui ameumia, bali ni kama tendo hilo lahitaji dadu ya namna hiyo. Neno la kanuni hufasiriwa kwanza kwa kazi lililopewa ndani ya kitabu, ndipo maana yake ya mtaani ifuate.

Kiambishi "a-" na watu wawili

Ichunguzwe sentensi hii: "Akimgusa adui, atatumia uchawi wake." Nani amegusa? Uchawi ni wa nani? Kiambishi "a-" chaweza kumrejelea mchawi au mwandani, na "wake" chaweza kuwa cha yeyote kati yao, hata cha adui. Kanuni ya asili huepuka sehemu ya utata huu kwa kumwita mchezaji "wewe". Mfasiri wa Kiswahili afanye vivyo hivyo: "Mwandani wako akimgusa adui, mwandani ndiye apitishaye uchawi, lakini hesabu ya dadu ni yako wewe." Panapokuwa na nafsi ya tatu mbili, nomino irudiwe. Katika hadithi marudio hayo yangechosha. Katika kanuni ndiyo yaokoayo.

Ngeli na hadhi ya kiumbe

Je, mwandani mwenye umbo la paka ni mnyama? Kanuni za mwaka 2014 hujibu kwamba sivyo: amevaa umbo la mnyama, lakini huhesabiwa katika aina nyingine ya viumbe. Kwa hiyo uchawi unaowapata wanyama tu haumpati. Msomaji wa Kiswahili aweza kushawishika kutafuta jibu katika upatanisho wa kisarufi: "paka ameitwa", lakini "roho imeitwa".

Mpakani ushahidi huo ni dhaifu. Kiswahili sanifu huwapa viumbe hai upatanisho wa "a-" na "wa-". Katika lugha za Kiluhya, zikiwamo Kisamia na Kikhayo, jina la mnyama aghalabu hufuata upatanisho wa ngeli yake lenyewe. Kiteso si lugha ya Kibantu, nacho hugawa nomino kwa jinsia: ya kiume, ya kike, na isiyo ya kiume wala ya kike. Msemaji wa Busia akisema "mbwa inabweka" hakukusudia kwamba mbwa ni kitu kama meza. Amesema kwa mazoea ya mahali pake. Basi kanuni isitegemee kiambishi ili kueleza hadhi ya kiumbe. Iseme wazi: "Mwandani ana umbo la mnyama, lakini hahesabiwi kuwa mnyama."

Tatizo la "sisi"

Mwandani hutii amri daima. Lakini amri ni ipi? Mchawi akimwambia mwandani wake, "Sisi tutaingia ndani," je, mwandani ameambiwa aingie au angoje nje? Nafsi ya kwanza wingi ya Kiswahili haijibu. Kiteso, kwa upande wake, hutofautisha "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje, hivyo msemaji hana budi kuchagua. Mteso wa Malaba aongeapo Kiswahili huipoteza tofauti aliyoizoea katika lugha ya mama. Kiswahili nacho kina njia zake: "twende" huambiwa mmoja, "twendeni" huambiwa wengi. Pale njia hizo zisipotosha, mchezaji amtaje mwandani kwa jina.

Mpango wa kufasiri

Kutokana na mifano hiyo, hatua nne zaweza kupendekezwa. Kwanza, yatazamwe maneno ya kanuni na istilahi zake. Pili, litazamwe kusudi. Mwandani amewekwa ili apeleleze na asaidie. Fasiri imfanyayo askari wa pili kwa gharama ndogo huharibu mchezo, na fasiri imkatazayo kila kitu huharibu vilevile. Tatu, msimamizi aamue. Nne, uamuzi uandikwe na utumike kwa wote, hata siku utakapomuumiza yule aliyeutaka.

Wako watakaopendelea kura. Wahenga wamesema mkataa wengi ni mchawi, lakini katika jambo hili methali hiyo itumiwe kwa tahadhari. Mwenye mwandani ni mmoja mezani, na wengi waweza kumnyang'anya haki yake kwa kuinua mikono tu.

Lililo muhimu zaidi ni wakati wa kufasiri. Kanuni inayojadiliwa kabla dadu haijarushwa husomwa kwa haki. Ikijadiliwa baadaye, kila mmoja huisoma kwa faida yake. Watu wa Busia na Malaba hawahitaji mchezo ili kulijua hilo. Katika vituo vya pamoja vya mpakani, kikiwamo cha Busia kilichozinduliwa rasmi mwezi Februari 2018, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi mahali pamoja. Mama mwenye gunia la mahindi hufaidika ikiwa maofisa wote wawili wamekwisha kukubaliana maana ya kanuni kabla hajafika mbele yao. Wakianza kuijadili yeye akiwa amesimama hapo, gharama ya utata huilipa yeye. Waandishi na wafasiri wa kanuni za Kiswahili, ziwe za mchezo au za forodha, wanapaswa kuanza kazi yao kwa kumkumbuka msomaji huyo.