Mkanda wa jeshi si ulozi: Virusi vinavyojificha kwenye neva

KATIKA miji ya Busia na Malaba, ambako madereva wa matrela husubiri idhini ya kuvuka kuingia Uganda, Ukimwi si habari ngeni. Lisilofahamika na wengi ni kwamba virusi vyake huingia hata ubongoni, majuma machache tu baada ya mtu kuambukizwa. Visipodhibitiwa, mtu huanza kusahau na kuzubaa.

Isitoshe, kinga inapodhoofika, virusi vingine vilivyokuwa vimelala mwilini hupata mwanya wa kushambulia neva, uti wa mgongo na ubongo.

Mfano ni kirusi cha tetekuwanga. Mtoto anapopona, kirusi hakitoki mwilini, bali hujibanza katika mizizi ya neva kwa miaka mingi. Kinga ikilegea, hufuata neva hadi kwenye ngozi na kuzua mkanda wa jeshi: malengelenge yenye uchungu mkali, aghalabu upande mmoja wa mwili.

Wapo wanaodhani wamerogwa, wakapoteza siku kwa waganga. Ilhali dawa ya aksiklovia hufaa zaidi ikianzwa kabla ya siku 3 kupita tangu vipele kutokea. Malengelenge yakizuka karibu na jicho, mgonjwa anaweza kupofuka.

Hatari zaidi ni kirusi cha JC, ambacho watu wazima wengi wanacho bila kudhurika. Seli za CD4 zikishuka chini ya 200, huweza kuharibu utando unaofunika nyuzi za neva ubongoni. Mgonjwa hulegea upande mmoja, hubabaika katika usemi au huona kwa shida.

Kirusi hicho hakina dawa mahususi. Tegemeo ni dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, ambazo huirejesha kinga.

Hata hivyo, dalili kama hizo huweza pia kuletwa na kuvu au kifua kikuu cha ubongo, maradhi yenye tiba yake. Ndiyo maana ni lazima mgonjwa apimwe hospitalini, wala asibahatishe.

Nchini Kenya, dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma mnamo 2006. Tangu 2016, anayepatikana na virusi huanzishiwa matibabu bila kungoja CD4 zishuke.

Kwa dereva au mchuuzi wa mpakani, basi, adui mkubwa ni kukatiza dawa safarini. Abebe akiba ya kutosha pamoja na kadi yake ya kliniki, kwani foleni ya Malaba haina ratiba.