Kifafa Hakiambukizwi kwa Mate

Mafiga yetu hapa Unyambwa yako chini sakafuni, na mwenye kifafa aweza kuanguka motoni wakati wo wote. Je, utamshika, au utaliogopa povu lake?

Huko Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, watu waliliogopa, nao wagonjwa wakaungua vibaya. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, aliyaona makovu yao, akaanzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Wengi waliomeza fenobabitoni kila siku walipungukiwa na kuanguka.

Maana kifafa chatoka ubongoni. Mwaka 1924 Hans Berger, tabibu wa Jena katika Ujerumani, aliunganisha nyaya na kichwa cha mtu, akaona umeme mdogo wa ubongo ukichorwa kama mawimbi. Kifafa kishikapo, chembe nyingi za ubongo hutoa umeme huo pamoja kwa ghafula, na mwili hutetemeka. Povu ni mate tu.

Basi mwondoe motoni upesi, mlaze ubavu, wala usimtie kitu kinywani. Mtetemeko ukizidi dakika 5, apelekwe hospitali. Na dawa isikatwe ghafula ati kwa kuwa aonekana mzima.